Boriti na Sakafu Hazina Budi Kufungamana

Kwa karne nyingi mikoko ya delta ya Rufiji, ilimo Kiongoroni, ilitoa boriti za nyumba za mawe za mwambao wetu, na hata za Uarabuni. Mafundi walizilaza boriti juu ya kuta, wakapanga mawe ya matumbawe, kisha wakashindilia chokaa kuwa sakafu. Boriti ilibeba, sakafu ikabebwa, hazikusaidiana. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba.

Siku hizi boriti ya zege huweza kutengenezwa kwingine, ikapandishwa mahali pake, na sakafu ikamwagwa juu yake. Njia hii yafaa kwa madaraja na magati, kwani kusimamisha mbao za kuegemeza zege bichi juu ya maji na matope ni taabu. Lakini je, vitu hivyo viwili vitakuwa kitu kimoja?

Mwalimu na apandanishe rula mbili za mbao zenye unene sawa, aziegemeze ncha zake, kisha abonyeze katikati. Rula zitateleza moja juu ya nyingine. Akizigundisha, ukinzani wake dhidi ya kupinda utakuwa mara 4 ya ule wa awali.

Katika zege, gundi hiyo ni ringi za nondo. Miguu yake hushikwa ndani ya boriti. Vichwa vyake vilivyopindwa huchomoza ili vizame katika sakafu. Uso wa boriti huachwa na mikwaruzo, tena husafishwa. Sakafu ikitaka kuteleza, mikwaruzo huisukuma juu. Nondo huvutika na kuirudisha chini.

Wapo wasemao kwamba zege hugandana lenyewe. Kugandana huko huweza kuachia ghafula. Kwa hiyo fundi akataye ringi kwa kuwa zinamkwaza njiani anaondoa nguvu aliyoitegemea mhandisi, na kosa lake hufunikwa siku ile ile.

Pwani pana adui mwingine: chumvi. Huharibu utando unaokinga chuma; kutu nayo hutanuka na kupasua zege. Mchanga na maji yenye chumvi yasitumiwe.

Rai yangu ni kwamba zege la sakafu lisimwagwe kabla mkaguzi hajazihesabu ringi zote na kutia saini. Saa moja ya ukaguzi ni gharama ndogo kuliko uhai wa wavukao darajani.