Wabunge Waoneshwe Macho ya Kongwa

Ndugu Waislamu, Bunge hukaa Dodoma, na Kongwa imo katika mkoa huo huo. Huko ndiko utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulikobainisha kuwa watoto wakinawishwa nyuso, trakoma kali hupungua. Maradhi hayo hukunja kope kwa ndani, zikakwaruza kioo cha jicho hadi mtu apofuke. Dawa ya msaada ilianza kugawiwa nchini mwaka 1999. Lakini maji hupatikana kwa bajeti. Basi tunasema: wabunge waoneshwe filamu ya watu hao, kisha waulizwe papo hapo, kisima kitachimbwa lini? Bila swali hilo, filamu ni tamasha tu. Sisi tunaotawadha kila siku tuwe wa mbele kuuliza.