Nani Amsomee Mpishi Pensheni Yake?

Tangu Februari 2023, makato ya NSSF nchini Kenya si tena zile shilingi 200 kwa mwezi, bali asilimia 6 ya mshahara hadi kikomo kilichowekwa, na mwajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Sheria yenyewe, ya mwaka 2013, imeandikwa kwa Kiingereza. Je, mpishi atokaye Busibwabo kwenda kazini Chuo Kikuu cha Alupe ataihojije? Kwake yote ni "kiinua mgongo", ilhali kiinua mgongo hulipwa mara moja na pensheni kila mwezi. Watafiti wa vyuoni hupima akiba za wahadhiri. Ni nadra kuuliza iwapo mchangiaji anaelewa anachokatwa. Hiyo ni kazi ya idara za Kiswahili, wala si ya wahasibu. Waanze na fomu ya kuteua warithi, ambayo mjane huisoma akiwa amekwisha kuchelewa.