Gari likivuka mpaka, daftari lake nalo livuke

Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalifurika Arusha. Lengo lilikuwa kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari ya aina hiyo, rekodi ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Picha zilizosambaa zilikuwa za bodi zilizong'arishwa, turubai mpya na vumbi. Lakini wapenzi wa magari ya kizamani wakikaa pamoja, mazungumzo yao hayakawii kuacha rangi na matairi. Hugeukia karatasi. Gari hili lilitoka kiwandani mwaka gani? Namba ya chesisi inasomekaje? Injini ni yake au imepachikwa? Lilisajiliwa kwanza wapi, na kadi yake iko kwa nani?

Wengi huuona huu kuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Mimi naona kuna somo hapo kwa kila mfanyabiashara anayeamka alfajiri kuwahi geti la Busia, Namanga, Rusumo au Mtukula. Anayenunua Canter ya mtumba kutoka nchi jirani anahitaji majibu ya maswali hayo hayo. Tofauti ni moja: mpenzi wa gari la kale akikosea hupoteza fahari yake, mfanyabiashara akikosea hupoteza mtaji.

Jumuiya yetu imefungua mipaka kwa magari, lakini haijafungua madaftari ya magari hayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu daftari lipo, ila linaishia kwenye kizuizi cha mpaka.

Tuanze na wenzetu wanaohangaikia magari ya kale, kwa sababu wamelipitia tatizo hili kabla yetu. Uingereza ilianza kusajili magari Januari 1904, baada ya sheria ya mwaka 1903. Kila halmashauri ilipewa herufi zake na kuandika magari yake katika madaftari yake. Mwaka 1921 zikaja kadi za kukunja ambazo Wakenya hadi leo wanaziita logibuku. Ukijua herufi, unajua gari lilizaliwa wapi. Ukifungua daftari la halmashauri husika, unakuta aina ya gari, rangi na mmiliki wa kwanza.

Kisha ikaja kompyuta. Kuanzia mwaka 1974 usajili wote ulihamishiwa katika ofisi moja ya kitaifa mjini Swansea, na wenye magari wakatakiwa kuhakikisha kumbukumbu zao zinaingizwa humo. Novemba 1983 mlango ulifungwa. Magari yaliyokuwa yamelala kwenye mabanda na mashamba, ambayo wenyewe hawakupeleka kadi, yalipoteza namba zao. Baadhi ya halmashauri ziliteketeza madaftari ya zamani, nyingine ziliyakabidhi kwa vituo vya nyaraka.

Serikali ikalazimika kuweka utaratibu wa kurejesha namba. Mwenye gari huleta logibuku ya zamani au nakala ya ukurasa wa daftari la halmashauri, chama cha wapenzi wa gari la aina hiyo hukagua chesisi na kuthibitisha, kisha gari hurudishiwa namba yake ya asili. Namba iliyorejeshwa hivyo haiwezi kuhamishiwa gari jingine, ili watu wasigeuze kumbukumbu kuwa biashara ya kuuza namba. Na gari ambalo umri au asili yake haithibitiki hupewa namba inayoanza na herufi Q. Kila anayeiona anajua kwamba gari hilo halina historia kamili. Serikali haimwadhibu mwenye gari hilo, lakini pia haimfichi mnunuzi.

Matunda ya uangalifu huo yanaonekana katika kisa cha Land Rover yenye namba JUE 477. Ilitengenezwa mwaka 1948, ikaachwa miaka mingi ikioza shambani Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Kwa macho ilikuwa chuma chakavu. Lakini namba yake ya chesisi ilikuwa 860001, yaani Land Rover ya kwanza kabisa ya kuuzwa kwa umma. Kumbukumbu za kiwanda na za usajili zilikubaliana, na chuma chakavu kikageuka hazina iliyofanyiwa ukarabati wa heshima. Bila tarakimu hizo sita, huenda gari hilo lingekatwakatwa kwa bei ya kilo.

Sasa turudi nyumbani. Magari kuvuka mipaka yetu si jambo la juzi. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, aliyashinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Tangu mwaka 2003 yapo mashindano ya Safari ya magari ya kizamani, na yamekuwa yakivuka kati ya Kenya na Tanzania. Mwenye gari la kale anayetoka mbali huweza kusafiri na hati ya forodha ya kimataifa ambayo wengi huiita pasipoti ya gari. Ndani yake huandikwa namba ya chesisi, namba ya injini, rangi na idadi ya viti, na afisa wa kila mpaka hugonga muhuri gari likiingia na likitoka.

Gari la starehe lina pasipoti. Gari la kazi, linalobeba ndizi, mitumba, vitunguu na saruji kila wiki, halina kumbukumbu inayosomeka upande wa pili.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Mtukula upande wa Tanzania anaoneshwa Canter yenye namba za Uganda, bei nzuri, kadi mkononi. Anaangalia kadi na namba zilizo kwenye gari, zinafanana. Lakini kuna mambo matatu ambayo kadi haimwambii. Je, gari limewekwa rehani benki Kampala? Je, liliwahi kupata ajali Kenya likaandikwa na kampuni ya bima kuwa halifai tena, kisha likaungwa kwa mkaa na rangi? Je, liliingia bandarini kama gari la kupita tu kwenda nchi nyingine, likaishia njiani bila kulipiwa ushuru? Hilo la tatu ndilo linalouma zaidi, kwa sababu chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mali isiyolipiwa ushuru inaweza kutaifishwa. Aliyekwepa ushuru ameshaondoka na fedha. Anayepokonywa ni aliyenunua.

Na wezi wameshajua kwamba macho yetu yanaishia mpakani. Mwaka 2015 gari aina ya Lexus lililoibwa Uingereza lilifuatiliwa kwa kifaa kilichofichwa ndani yake. Lilipitia Ufaransa, Oman na bandari ya Mombasa, likapatikana Kampala. Wapelelezi walipofika hapo walikuta zaidi ya magari 20 mengine ya wizi kutoka Uingereza. Namba za usajili zinabandikwa na kubanduliwa kwa bisibisi. Namba ya chesisi ikisomwa na kulinganishwa na kumbukumbu ya kule gari lilikotoka, uongo unakuwa mgumu.

Hilo ndilo wapenzi wa magari ya kale wanalolijua kuliko wengi wetu: pleti ni nguo, chesisi ni mwili. Nchi zetu nazo zinabadilisha nguo kila mara. Watanzania wenye umri wanakumbuka namba zilizoanza na TZ kabla ya T ya sasa. Kenya ilileta namba za kizazi kipya mwaka 2022, Uganda ikaanza namba za kidijitali mwaka 2023. Mabadiliko hayo yana faida zake za usalama. Lakini kila nchi inapobadilisha namba iulize swali ambalo Uingereza ililiuliza kwa kuchelewa: kumbukumbu za zamani zinahamia wapi, na nani anaweza kuzisoma?

Kuna jambo jingine la kiufundi linalowatesa wafanyabiashara wa magari. Magari mengi duniani yana namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. Yale yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo yamejaa barabarani kwetu, yana namba fupi inayoanza na msimbo wa modeli, kama NZE121 kwa Corolla au KDH201 kwa Hiace. Herufi moja ikikosewa bandarini, kosa linaingia kwenye kadi, na miaka mitano baadaye mnunuzi wa tatu anasimamishwa mpakani akidaiwa kughushi. Cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje kina namba sahihi, lakini gari likishasajiliwa hapa cheti hicho hubaki kwenye faili la wakala, na mnunuzi wa pili haulizii tena.

Tufanye nini? Kila nchi ina dirisha lake la kuuliza habari za gari, lakini dirisha hilo linatazama uani kwake tu. Ninapendekeza mambo matatu.

Kwanza, nchi wanachama wa Jumuiya zikubaliane juu ya taarifa chache za kila gari zitakazosomeka kuvuka mipaka kwa kuandika namba ya chesisi: aina, modeli, mwaka, rangi, nchi lilikosajiliwa, na hali yake. Hali maana yake ni kama limelipiwa ushuru, limeripotiwa kuibwa, limewekwa rehani, limefutwa kwa ajali au limeshahamishwa nje.

Pili, cheti cha asili cha kusafirisha gari kihifadhiwe pamoja na usajili wa kwanza, kwa njia ya picha, ili kosa la herufi lirekebishwe kwa ushahidi badala ya chai.

Tatu, magari ambayo historia yake haijulikani yapewe alama ya wazi, kama ile Q ya Waingereza. Mwenye Bedford ya babu yake iliyokosa karatasi asiachwe aendelee kuificha au kuikatia kadi ya gari jingine. Likaguliwe, lipewe namba ya kweli, na historia isiyojulikana iandikwe kuwa haijulikani.

Wapo watakaosema jambo hili litavunja faragha. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022, na sheria hizo ziheshimiwe. Ila mnunuzi hahitaji jina la mwenye gari, simu yake wala anapoishi. Uingereza leo mtu yeyote anaandika namba ya gari na kuona bure aina yake, rangi, mwaka lilipoanza kusajiliwa, na hata maili zilizoandikwa kila lilipokaguliwa, bila kuona jina la mtu. Kinachofunuliwa ni gari.

Wengine watasema mifumo yetu haiwezi kuzungumza. Mbona inazungumza pale serikali inapodai chake? Tangu mwaka 2014 bidhaa za Uganda na Rwanda hulipiwa ushuru zikiwa bado Mombasa. Tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia shehena barabarani kwa kufuli za kielektroniki. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini bima ya kadi ya njano ya COMESA inaendelea kuheshimiwa kwenye mipaka yake. Palipo na nia, siasa hazizuii karatasi kutambuliwa. Kama tunaweza kujua kontena la mfanyabiashara liko wapi saa hii kati ya Mombasa na Kigali, tunaweza kumwambia mfanyabiashara huyo kama lori analonunua ni la wizi.

Na sasa Jumuiya ina nchi nane, zikiwemo Kongo na Somalia. Magari ya usukani wa kulia yanakwenda kwenye nchi zinazoendesha upande wa kulia, na ya kushoto yanarudi huku. Kila nchi inayoongezeka bila madaftari kuunganishwa inaongeza kichaka kimoja cha kufichia gari.

Mpaka siku hiyo ifike, mfanyabiashara aige tabia ya wapenzi wa magari ya kale. Kabla ya kutoa fedha, lala chini ya gari na tochi, soma namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, ilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Tazama kama chuma kimekwanguliwa au kuchomelewa. Dai nakala ya hati ya forodha ya siku gari lilipoingia. Muuzaji akikuambia karatasi zitafuata baadaye, funga pochi yako uondoke.

Lakini tochi ya mtu mmoja haitoshi kwa soko la nchi nane. Mawaziri wetu hukutana Arusha, mji ule ule ambao mamia ya Land Rover yalipita kwa mbwembwe. Wakikutana tena kujadili biashara huru, waanze na swali dogo ambalo kila dalali wa Busia angelielewa: nikikusomea namba ya chesisi, unaweza kuniambia gari hili ni la nani kisheria na limetoka wapi? Wakishindwa kulijibu, basi biashara huru ya magari bado hatuna.