Ziwa Halioshwi, Hulindwa

Mto hupita, ziwa hukaa. Uchafu ukimwagwa mtoni, mafuriko ya masika huweza kuusukuma hadi baharini. Ziwa hupokea na kuweka. Tone la maji likiingia Ziwa Superior, kubwa kuliko yote ya Amerika Kaskazini, hukaa humo kwa wastani wa takribani miaka 191 kabla ya kutoka. Basi atiaye sumu ziwani leo anawawekea akiba wajukuu wa wajukuu zake, na akiba yenyewe ni ya maangamizi.

Ndugu wasomaji, iko sumu isiyoonekana kwa macho, iliyoingia duniani kwa jina jema: kemikali za kuzuia moto. Hutiwa katika sponji za makochi, katika plastiki za televisheni na kompyuta, katika mapazia na nyaya za umeme, ili visishike moto upesi. Nia ilikuwa njema, kwani nani asiyeogopa moto? Lakini nyingi kati ya hizo, hasa zile zenye bromini zijulikanazo kwa herufi PBDE, hazikufungamana na sponji wala plastiki. Zilichanganywa tu, kama chumvi katika unga. Mwaka hadi mwaka zikavuja, zikawa vumbi chumbani. Vumbi likashika nguo na mikono, nguo zikafuliwa, maji ya kufulia yakaingia mtaroni, na mtaro ukafika ziwani. Nyingine zilipanda hewani zikashuka na mvua.

Zikifika majini, hazikai na maji. Hukimbilia tope na mafuta. Huingia katika vijidudu, vijidudu vikaliwa na samaki wadogo, wadogo wakaliwa na wakubwa, na wakubwa tukawala sisi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa ndani ya miili yetu. Watafiti wamezihusisha PBDE na kuvurugika kwa homoni za tezi ya shingo, na kudhoofika kwa ukuaji wa akili za watoto. Huko Uswidi, maziwa ya akina mama yaliyokusanywa kati ya 1972 na 1997 yalionyesha kiasi chake kikiongezeka maradufu kila miaka 5 hivi. Mtoto ananyonya kile ambacho mama hakujua kuwa anacho.

Tutazame yaliyowapata wenzetu wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario, yenye takribani sehemu moja ya tano ya maji baridi yote ya juu ya ardhi, ukiacha barafu. Mwaka 1973, katika jimbo la Michigan, magunia ya kemikali ya kuzuia moto iitwayo PBB yalipelekwa kimakosa mahali pa kirutubisho cha mifugo. Ng'ombe wapatao 30,000 na kuku milioni 1.5 ilibidi wauawe, na wananchi walikuwa wamekwisha kunywa maziwa na kula nyama. Ungedhani somo hilo lingetosha. Halikutosha. PBB ikaachwa, PBDE zikatamalaki. Kati ya 1980 na 2000, kiasi cha PBDE katika samaki wa maziwa yale kiliongezeka maradufu kila miaka 3 au 4.

Kisha mlango ukaanza kufungwa. Mwaka 2004 utengenezaji wa aina mbili kati ya tatu za PBDE za kibiashara ulikoma nchini Marekani. Mwaka 2009 Mkataba wa Stockholm ukaziweka katika orodha ya kemikali za kukomeshwa duniani, na mwaka 2017 aina ya tatu ikafuata. Samaki wakatoa ushahidi: kiasi kilichokuwa kikipanda kikaanza kushuka. Hakuna aliyelifua ziwa. Hakuna mtambo wa kuchuja tope la maziwa yenye ukubwa wa nchi. Kilichosaidia ni kuacha kutia.

Lakini walipofunga mlango, dirisha walikuwa wamekwisha kuliacha wazi. Zamani kulikuwa na kemikali iitwayo mireksi, iliyouzwa kama dawa ya kuua wadudu na pia kama kizuia moto. Miaka ya 1970 ikaonekana katika samaki wa Ziwa Ontario, ikapigwa marufuku. Mbadala wake wa kuzuia moto ulikuwa Dechlorane Plus, iliyotengenezwa karibu na Maporomoko ya Niagara. Mwaka 2006 wanasayansi wakaikuta kemikali hiyo katika tope na samaki wa maziwa yale yale, na ilipita miaka 17 kabla Mkataba wa Stockholm haujaiorodhesha mwaka 2023. Huko ndiko kuruka majivu na kukanyaga moto. Kabla ya kuuliza tutie dawa gani badala ya ile, tuulize kwanza kama dawa inahitajika. California waliuliza. Sheria yao ya 1975 iliwafanya watengenezaji wajaze kemikali katika sponji za makochi. Mwaka 2013 wakabadili kipimo, kwa kuwa moto wa sigara huanzia kwenye kitambaa cha juu. Tangu hapo kochi laweza kukidhi sheria bila kemikali hizo.

Yatuhusu nini sisi? Takribani asilimia 80 ya maji yaingiayo Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Na maji mengi hutoka kwa kupaa kama mvuke. Mto utokao ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Maana yake, lango kuu la Victoria ni hewa, na maji yanapopaa, sumu nzito hubaki. Watafiti wamekwisha kuzipima PBDE katika hewa na mvua ya upande wa kaskazini wa ziwa hilo. Nasi tunafanya nini? Televisheni za chogo na kompyuta za mtumba zikifa, twazitupa dampo na kuziwasha moto. Vijana huchoma nyaya wapate shaba. Kile kilichotiwa dawa kisiungue, sisi twakichoma, na moshi wake huzaa dioksini, sumu kali zaidi ya ile ya kwanza. Jioni mvua hunyesha.

Wapo watakaosema: tuna kipindupindu, tuna magugu maji, hayo ya bromini ni maradhi ya matajiri. Nawajibu: matajiri wenyewe, kwa fedha na maabara zao, hawakuweza kuyaosha maziwa yao. Sisi tusio na fedha za kujenga ukuta tuna sababu kubwa zaidi ya kuziba ufa.

Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka za kielektroniki za kila aina zisivuke mpaka bila idhini ya nchi inayozipokea. Serikali zetu zisitoe idhini hiyo kwa kufumba macho, wala bandarini kitu kibovu kisiingie kwa jina la mtumba. Marekani na Kanada waliwekeana mapatano juu ya maziwa yao mwaka 1972, na mwaka 2016 wakazitangaza PBDE kuwa kemikali zinazowahusu wote wawili. Tanzania, Kenya na Uganda wanayo Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria. Nayo iwapime sangara na sato mwaka hata mwaka na kuwatangazia wananchi majibu. Sisemi watu waache kula samaki. Nasema wajue wanachokula.

Halmashauri zikusanye vyombo vibovu badala ya kuviacha kwa kiberiti. Vijana wa nyaya wasifukuzwe. Wapewe visu na mashine za kuchuna, na mnunuzi wa vyuma chakavu akatae shaba iliyoungua. Nasi majumbani, tusichome kochi bovu uani, tupanguse vumbi kwa kitambaa chenye maji, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.

Jioni ya leo, mahali fulani karibu na ziwa, mtu atashika kiberiti mbele ya rundo la nyaya. Aliye karibu naye amzuie mkono, maana baada ya hapo hakuna wa kuizuia mvua.