Neno la Mhariri: Mkono Mwembamba, Tumbo Kubwa

Mtoto mwenye uvimbe wa figo akipandishwa kwenye mizani, uvimbe nao hupimwa. Kilo zikasomeka za kutosha, kumbe nyama ya mwili imekwisha. Madaktari wa watoto huko Blantyre, Malawi, walilibaini hilo: utepe wa kupimia mkono wa juu uliwafichua watoto wengi wenye utapiamlo ambao uzito kwa urefu ulikuwa umewaficha. Kipimo kikishuka chini ya milimita 115, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utapiamlo ni mkali.

Toleo hili linaanzia Kisangani, jimboni Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mji huu uko karibu na ikweta, katikati ya msitu ambako malaria haina likizo. Malaria ya kujirudia, pamoja na virusi vya Epstein-Barr, ndiyo huandamana na limfoma ya Burkitt, saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala. Mara nyingi huanzia taya. Meno hulegea, kutafuna kunashindikana, na kinachobaki kumezeka ni fufu laini ya muhogo: wanga tele, protini na zinki kiduchu. Kisha inakuja kemotherapi na vidonda vya mdomo na kichefuchefu, na methotreksati, dawa inayofanya kazi kwa kuzuia folati, vitamini ambayo mwili uliodhoofu tayari unaidai. Huko Blantyre ilionekana pia kwamba kwa watoto wenye utapiamlo vinkristini, dawa nyingine ya kemotherapi, hukawia kutoka mwilini. Kipimo kilekile cha dawa kinakuwa kikali zaidi.

Tshopo haikosi chakula cha kumjenga mtoto. Kuna samaki wa wavuvi Wagenia, mbinzo (viwavi), karanga, sombe (majani ya muhogo) na mawese yenye asili ya vitamini A. Kinachokosekana ni mpangilio. Mama aliyetoka mbali, Opala au Isangi, ameacha shamba nyuma. Hospitalini yeye ndiye mlinzi wa mgonjwa, mpishi na mnunuzi, na fedha ya dawa na ya samaki inatoka mfuko mmoja.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030. Jarida hili linadai jambo moja: utepe ufungwe mkononi siku ya kwanza, kabla ya dripu, na uji wa karanga au samaki wa kuponda uandikwe kwenye karatasi ileile ya vinkristini, pamoja na jina la atakayeulipia.