Kabla ya kununua pampu, fundi akuonyeshe mita

Mtu akinipigia simu kutoka kando ya Thika Road kwamba gari limemzimia na limekataa kuwaka, simwulizi ni gari gani. Namwuliza: ukipiga stata, injini inazunguka au haizunguki? Wengine hukasirika. Wanataka nije na spea, si maswali. Lakini jibu hilo linanipunguzia kazi nusu kabla sijatoka Ruiru. Injini isiyozunguka inanipeleka kwenye betri, vichwa vya betri, stata na waya zake. Ile inayozunguka kwa kasi yake ya kawaida na bado haiwaki, betri yake na stata yake havina neno. Hapo natafuta moto kwenye plagi, natafuta mafuta, au sensa inayoiarifu kompyuta kwamba injini inazunguka. Mwenye gari hili la pili akiuziwa betri mpya ameibiwa, hata kama fundi hakukusudia wizi.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari na nasema haya nikijua wenzangu watanuna. Kazi yetu, kuanzia Githurai hadi Makongeni, imezoea kubahatisha kwa pesa za mteja.

Sababu yake si ujinga peke yake. Mteja hamlipi fundi kwa kujua, humlipa kwa kubadilisha. Kaa na mita ukifuata waya mmoja kwa muda mrefu, ukute soketi imeingia kutu, uisugue, gari liwake. Atakuuliza, "Kwani fundi umeweka nini?" Huna cha kumwonyesha, basi anakutolea mia mbili ya chai. Mwenzako aliyeng'oa pampu ya mafuta na kuweka nyingine analipwa ufundi wake, na dukani anapewa kitu kidogo kwa kuleta mteja. Pampu isiposaidia, anasema sasa tujaribu koili. Halafu soma risiti: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi. Duka limejilinda, fundi ameshalipwa, na pampu nzima iliyotolewa bila kosa imeachwa pembeni mwa gereji.

Nina mteja anayebeba mboga kwa Probox kutoka soko la Madaraka pale Thika kuja Ruiru. Gari lilikuwa likimzimia kwenye foleni, jua likiwa kali, na halishiki kabisa. Akilipumzisha nusu saa linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Kabla hajafika kwangu alikuwa amewekewa pampu, plagi zote nne na koili. Na kila mara gari "lilipona", kwa sababu kila mara fundi akimaliza kufunga nati zake injini ilikuwa imeshapoa.

Gari linalozima likiwa moto na kuwaka likipoa hunifanya niishuku kwanza sensa ya krenki. Imefungwa kwenye injini yenyewe, inapata joto lote, na ndani yake mna waya mwembamba sana uliozungushwa. Ukizeeka, joto huutanua ukaachana. Ukipoa unagusana tena. Sensa hiyo ikinyamaza, kompyuta haijui pistoni ziko wapi, basi inakata moto na mafuta kwa pamoja. Nililiacha Probox lingurume uani hadi likazima lenyewe, nikaweka mita kwenye sensa ikiwa bado inaunguza vidole: imekatika. Tukanywa chai. Nikapima tena: nzima. Mara zote mbili nilimwita mwenye gari aangalie kwa macho yake. Hapo ndipo tukanunua sensa.

Mtego mwingine ni wa sikio. Fundi hufungua swichi, akainama karibu na tangi, asiposikia mlio akatangaza kwamba pampu imekufa. Toyota nyingi za jamii ya Vitz na Probox haziwashi pampu mpaka injini ianze kuzunguka, kwa hiyo ukimya huo si ugonjwa. Geji ya presha ikifungwa kwenye mpira wa mafuta, na mtu akapiga stata, ndiyo itakayosema.

Mashine ya kusomea kompyuta nayo imegeuzwa mganga. Ikiandika P0335, fundi anasoma "sensa ya krenki" na kukimbilia dukani. Namba hiyo inazungumzia njia nzima ya umeme: sensa, soketi, na waya mpaka kwenye kompyuta. Panya akila waya, namba ni ileile.

Kazi safi si ngeni huku kwetu. Thika ni mji wa magari tangu 1974, ilipoanzishwa Leyland Kenya, ambayo leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, na mzee aliyenifundisha kazi alitoka kiwandani humo. Hakukubali ushike spana kabla ya kumwambia umepima nini na umepata nini. Vijana wengi ninaokutana nao wana mikono myepesi kuliko yake, ila hawana mita.

Najua mtu atasema hayo ni ya uani, yeye amekwama Kihunguro na trela zinampita zikivuma. Ni kweli. Tangu Thika Road iliyopanuliwa ifunguliwe rasmi 2012, aliyezimikiwa humo hana muda wa kubishana na yeyote aliyebeba spana. Ndiyo maana nasema toa watu garini, wavuke reli za pembeni, panga pembetatu zako nyuma, kisha gari livutwe. Kando ya barabara si mahali pa kufungulia tangi la petroli. Pesa ya kuvutwa inauma, lakini pampu usiyoihitaji inauma zaidi.

Mimi natoza kipimo peke yake, bei tunapatana kabla sijafungua boneti, nitengeneze nisitengeneze. Kwenye risiti naandika nilichopima na mita ilisoma nini, na spea ya zamani naikabidhi kwa mwenyewe. Wapo wanaogeuza gari na kwenda kwa jirani asiyetoza kipimo. Siwalaumu, kwa kuwa sisi mafundi ndio tuliowazoesha kwamba kujua ni bure. Ningependa gereji zote za Ruiru na Thika zibandike bei ya kipimo ukutani, karibu na kibali cha kaunti.

Na ukinipigia, niambie pia kama geji yako ya mafuta inafanya kazi. Wapo waliovutwa kutoka Juja hadi kwangu, mshale umekwama kwenye nusu na tangi ni kavu. Hao pia hulipa kipimo.