Texas: Je, faini ya barabarani humzuia mwizi?

Tarehe 7 Novemba mwaka 2000 ndiyo siku ya mwisho inayojulikana kupita katika jimbo la Texas, Marekani, bila mtu kufa kwa ajali ya barabarani. Katika miaka ya karibuni vifo vimezidi 4,000 kwa mwaka, na wilaya ya Harris, ulipo mji wa Houston, ndiyo inayoongoza.

Mwaka 2008 wizara za uchukuzi na sheria za Marekani zilianza kuvihimiza vikosi vya polisi kuweka ramani ya ajali juu ya ramani ya uhalifu. Pale zinapokutana, polisi wapelekwe kwa wingi na wasimamishe magari. Hoja ni kwamba mhalifu naye husafiri kwa gari, na askari anayeonekana huwatuliza wote wawili, mwizi na dereva wa mwendo wa kasi.

Ushahidi upo. Katika jaribio la Kansas City la mwaka 1992 hadi 1993, silaha zilizokamatwa ziliongezeka kwa asilimia 65, na uhalifu wa bunduki ukapungua kwa asilimia 49. Lakini hilo lilikuwa eneo moja dogo lililoongezewa doria.

Upande wa pili ulionekana karibu na Houston mwezi Julai 2015. Sandra Bland, mwanamke mweusi mwenye umri wa miaka 28, alisimamishwa kwa kutoonyesha ishara alipobadili njia, akakamatwa, na siku tatu baadaye akakutwa amekufa jela. Sheria yenye jina lake ilipitishwa mwaka 2017. Tangu mwaka 2001 Texas ilikuwa tayari inavitaka vikosi kuweka takwimu za rangi ya wanaosimamishwa.

La kushangaza ni kwamba kamera za kwenye taa za barabarani, zisizojali rangi ya dereva, zilikataliwa na wapiga kura wa Houston mwaka 2010, na jimbo zima likazipiga marufuku mwaka 2019. Aliyebaki ni askari na uamuzi wake.

Kenya ilipita njia nyingine. Kanuni za Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilidai vidhibiti mwendo na mikanda, lakini pia sare na vitambulisho kwa madereva na makondakta wa matatu, ili abiria ajue nani anamwendesha.

Huko Texas, sheria iliyotiwa saini mwaka 2025 inawataka masherifu wanaosimamia jela kushirikiana rasmi na idara ya uhamiaji. Mhamiaji asiye na hati, awe wa Houston au Fort Worth, ana sababu ya kusita kumwita polisi anapoibiwa, na wizi huo hautaonekana kwenye ramani.